Mkulima Bora Asiyeitika

Chekeni tu, sikatazi, maana hata mimi yangempata mwingine ningecheka mpaka nikae chini, ila yalinipata mimi Zawadi, mbele ya wakulima wa miwa wa chama chetu pale Kidodi, na aibu yake mpaka leo nikiikumbuka nafunika uso.

Siku hizi kila tangazo la kazi ni data, data. Mimi chuoni nilisoma takwimu kwa programu ambayo ukiitaja kwenye usaili wanaokuhoji wanatazamana (imeshapitwa na wakati), kwa hiyo chama kiliponiuliza kama naijua Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, nikajibu, “Vizuri sana,” halafu nikatoka pale moja kwa moja kuitafuta kwenye video za mtandaoni. Wakanichukua kwa majaribio, ajira ya kudumu ikitegemea nitakachoonyesha kwenye mkutano mkuu. Mama, anayewauzia chakula madereva wa malori pale Mikumi, alishawatangazia wateja wake kwamba binti yake ni mtu wa kompyuta, hakuna mchezo.

Nilitakiwa kuonyesha mavuno ya msimu uliopita, basi. Nani alinituma nijiongeze? Nikaiagiza programu itabiri msimu ujao na initajie mkulima bora, ikanitolea Saidi Mbwana. Simjui, ila miwa yake ilikuwa inafika kiwandani kila msimu, sasa niulize nini tena? (Kuuliza kungeonyesha kazi siijui, na hilo ndilo nililokuwa nalificha.)

Siku ya mkutano ikafika. Projekta ikawaka, grafu zikatokea ukutani, mwenyekiti akaguna kwa kuridhika, nami nikavimba kichwa. Nikasema, “Namwomba mkulima wetu bora, Mzee Saidi Mbwana, asimame tumpongeze.”

Hakuna aliyesimama. Nikadhani hasikii vizuri, nikamwita tena kwa sauti ya juu. Mtu akakohoa huko nyuma. Na mimi nikiogopa mdomo hautulii, nikaendelea, “Jamani, mzee wetu anaona haya? Kompyuta inasema msimu ujao atafanya makubwa zaidi!”

Mwenyekiti akanishika mkono. “Binti, huyo mzee tulishamzika.”

Kumbe huku mtu akifariki shamba linabaki kwa jina lake na familia inaendelea kupeleka miwa kwa jina hilohilo, kwa sababu mirathi haijagawanywa na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuigusa. Ukumbi mzima ulilijua hilo isipokuwa mimi na kompyuta yangu. Ajira naiona inaondoka, namuona mama na wateja wake, nikatafuta pa kuizimia projekta, nikabonyeza pasipostahili, jina la marehemu likajaa ukuta mzima.

Bibi mmoja mstari wa mbele akasimama.

“Shikamoo bibi,” nikasema.

“Marahaba mjukuu wangu. Huyo ni mume wangu. Yeye hawezi kusimama, lakini miwa naipalilia mimi. Hayo makofi nipigieni mimi.”

Watu wakacheka, kisha wakapiga makofi kweli. Wanaume wawili waliokaa karibu naye, shemeji zake, hawakupiga. Mimi nililia palepale, kamasi na yote.

Ajira ya kudumu sikupewa, niliongezewa majaribio, na mwenyekiti akaniagiza nizunguke mashambani nijue nani yu hai. Nilianza kwa yule bibi. Akanipa uji, akanitania kwamba nimemfufulia mume, nikamuuliza sasa niandike jina la nani. Akatazama kwanza njiani.

“Acha lake,” akasema kwa sauti ya chini. “Mashemeji hawajakubali.”

Tangu siku hiyo nimeapa kutomtabiria mtu ambaye sijaenda kumsalimia kwake. Lakini Mzee Saidi bado yumo kwenye kompyuta yangu, mkutano mwingine unakaribia, na kila nikiiendesha ile programu ni yeye anayeongoza.