Mgeni Wetu na Bonde la Mazuku

Baba yangu aliitwa Sebahire, mzaliwa wa Kalengera. Mama yangu aliitwa Nyirahabimana, mzaliwa wa Bunagana. Mimi nilizaliwa hapa Goma, upande wa Keshero, juu ya mawe meusi ambayo mlima wa moto uliyatapika kabla ya babu zetu. Andika hivyo, Neema mjukuu wangu, wala usipambe. Sikukanyaga darasa, lakini najua kwamba neno likipambwa hupoteza njia.

Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na bonde lililoshuka hadi ziwani. Kijito chake kilionekana wakati wa mvua kubwa tu. Kilinguruma kwa muda, kisha mawe yakakinywa. Siku nyingine zote bonde lilikuwa kavu, lenye nyasi laini na harufu ya udongo, nasi tulipita humo kwenda kuteka maji ufukoni. Tulipita jua likiwa juu. Alfajiri hakupita mtu, kwa sababu ya mazuku, ile hewa nzito isiyo na rangi wala harufu, inayotoka ardhini na kutuama mabondeni kama maji. Mtu mzima akisimama, humfika magotini asidhurike, akilala, haamki. Ndege walioshuka kunywa umande tuliwakuta wamekufa, mabawa wazi. Hatukufundishwa jambo hilo. Tulilijua kama mtu anavyojua kwamba moto huunguza.

Mwaka ule, uhuru ukiwa bado mchanga, mlima ulipasuka ubavu. Anga liliwaka jekundu, jivu likaanguka hata katika sufuria za maharagwe, na wazee wakasema mazuku yamezidi. Waasi nao walikuwa wamefunga barabara ya kaskazini. Ndivyo alivyokwama kwetu Kambale, mfanyabiashara wa vitunguu kutoka Butembo, mtu wa rozari na mzaha.

“Papa Sebahire,” alisema siku moja, “huyu mutoto wako anatembea kama askari. Nani atamuoa?”

“Atamuoa mutu wa vitunguu,” mama akamjibu. “Machozi tayari iko.”

Kambale alicheka hadi akashika mbavu. Muda wote aliokaa nasi, hakuna aliyemtajia mazuku. Kwetu mgeni hakaribishwi kwa habari za kifo. Tena tulisahau kwamba jambo lililojulikana hata na mbuzi wetu, huko Butembo halijulikani.

Asubuhi moja, kabla ya jua, risasi zililia kutoka barabarani. Tulitoka mbio. Mama alimtoa mdogo wangu mgongoni akamweka mabegani, akanivuta mimi hadi juu ya mwamba, mahali pa wazi, risasi zikipiga miluzi juu yetu. Kambale alikimbilia bondeni, kama ambavyo mwenye akili angefanya penginepo popote.

“Mushuke!” alitupigia kelele. “Mulale chini! Munasimama kama bendera, munataka kufa?”

“Panda, Kambale! Usilale!” baba aliita. “Kuko mazuku!”

“Kuko nini?”

Akalala kifudifudi katika nyasi, mikono kichwani. Baba alimwita tena na tena; hakujibu. Ndipo baba akashusha mguu mmoja kutoka mwambani. Mama akamshika koti.

“Utamuinua bila kuinama?”

“Ni mugeni wangu.”

“Na hawa batoto, ni bageni ba nani?”

Sikuogopa tena risasi. Niliuogopa ule mguu. Ulining’inia juu ya zile nyasi, nami nikiutazama kana kwamba macho yangu yangeweza kuuzuia. Kisha baba akaurudisha.

Jua lilipopanda na upepo wa ziwa ukafagia bonde, wanaume walishuka wakauleta mwili wake. Hakuwa na jeraha lolote. Wahenga husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulipona. Baba aliishi miaka mingi, lakini hakula kitunguu tena.

Leo bonde limejaa nyumba za mbao. Moto wa mlima umeshuka tena, na wenye bunduki wamekuja na kuondoka kwa majina nisiyojisumbua kuyashika. Lakini wanaokimbia kutoka Masisi na Rutshuru bado hutafuta mabonde wajenge vibanda vyao humo, kwa kuwa risasi zimewafundisha kulala chini. Nasi wenyeji tunawapa pole, tunawapa uji, na lile neno moja tunalimeza kwa heshima. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Basi, Neema, vyombo vyangu wagawane wenzako. Wewe tunza hili: mkimbizi akifika mlangoni, kabla ya kiti, kabla ya maji, mwoneshe bonde, umwambie litamuua. Atakuona huna adabu. Mwache akuone hivyo.