Jaji wa Keki Aliyeombwa Sauti Yake

Hapa Murrabeg, kimji chetu cha wakulima, hakuna aliyewahi kumshutumu Verna Haddrick kwa kusema uongo. Wamemshutumu kwa mengine. Wanasema hana huruma, na kwamba mwaka mmoja aliiondoa mashindanoni keki ya mke wa kasisi kwa sababu ilitoka kwenye pakiti ya dukani, na akasema hivyo kasisi mwenyewe akisikia. Lakini uongo, hapana. Siku za kawaida huuza mbegu na chakula cha mifugo katika duka lililo mkabala na posta, na mkulima akimuuliza kama mbegu fulani itaota katika ukame huu, humjibu, "Haitaota. Rudisha pesa yako mfukoni." Mwenye duka amekwisha kuzoea.

Kila Novemba, kwenye maonyesho ya kilimo, Verna ndiye jaji wa keki. Hukata, hunusa, huonja, hufikiri, kisha husema kwa sauti ya kufika mlangoni. "Hii ingefaa kuzuia mlango usifungwe na upepo." "Hii imeokwa na mtu aliyekuwa akitazama mpira." Watu hujazana ukumbini kumsikiliza yeye, wala si kwa hamu ya keki. Jina la mwokaji hukunjwa chini ya sahani ili jaji asijue kazi ni ya nani, lakini kwa keki ya sponji, ile nyepesi ya mayai, utaratibu huo haujawahi kusaidia kitu, maana jirani yake, Glenys Pomeroy, husimama nyuma ya sahani yake akihema kama ng'ombe anayetaka kuzaa. Glenys ameshindania utepe wa ushindi wa keki ya sponji tangu watoto wake wakiwa wachanga, na sasa watoto hao wana mvi. Hajaupata hata mara moja.

Ukali huo ndio uliompeleka Verna kwenye gemu.

Kijana wetu mmoja, Tavish Mulcair, alikwenda Melbourne akafungua na wenzake kiwanda cha kutengeneza gemu za kompyuta, kwenye ghorofa moja katika mtaa wa Brunswick. Gemu yao ya kwanza ilihusu mambo ya kwao: mchezaji anapewa shamba dogo, anafuga kondoo, anapanda maboga, anaoka, na mwisho wa mwaka anapeleka keki yake kwenye maonyesho. Palihitajika jaji. Tavish alirudi na kipaza sauti, akazima friji ya ukumbi ili isingurume, aiskrimu yote ya kamati ikayeyuka, na akamkalisha Verna jikoni.

"Soma hapa tu, Verna. 'Keki hii ni kavu.'"

"Keki iko wapi?"

"Hakuna keki. Ni maneno tu."

"Basi nitajuaje kama ni kavu?"

Ikabidi Tavish aende kutafuta keki kavu. Kila sentensi aliyotaka, alilazimika kuileta na keki yake: ya kuungua, ya kuzama, ya kunata kama gundi. Kwa sentensi ya ushindi alihangaika siku mbili, mpaka mama yake alipoingia jikoni na kuoka kwa mkono wake. Verna akaonja, akasema, "Hii ni nzuri. Nafasi ya kwanza." Katika kazi yote hiyo, sifa zilikuwa hizo tu.

Na watu wakazipenda. Gemu ile iliuzwa mpaka nchi ambazo hatuwezi kutamka majina ya miji yake. Verna alipokea kadi kutoka Norway na Korea, kutoka kwa watu waliofokewa na sauti yake wiki nzima, na siku waliposikia "Hii ni nzuri" wakatoka nje kuwaambia majirani. Hakujisifu, lakini kadi zile alizibandika zote ukutani dukani, juu ya magunia ya pumba, na ole wako uziguse na mikono michafu.

Mafanikio yakaleta wanunuzi. Kampuni moja kubwa ya ng'ambo ilikinunua kiwanda na kumwacha Tavish kama mkuu wa jina tu, hadi asubuhi moja kadi yake ya kuingilia kazini ilipokataa kufungua mlango. Siku hiyohiyo ikaja barua pepe kwa kila mtu: Tunafurahi kuwatangazia mkuu mpya. Mkuu huyo alikuwa mama mmoja aliyetoka kwenye biashara ya shampuu. Aliwarudisha wachoraji nyumbani, akaipa akili bandia kazi ya kuchora mifugo. Kondoo mmoja alitoka na miguu mitano. Picha yake bado iko nyuma ya kaunta ya baa yetu. Pasaka haikufika, barua pepe ikaja tena: Tunafurahi. Safari hii walimfurahia Corin Lomax, bwana wa miaka thelathini na kitu mwenye viatu vyeupe.

Lomax alikuwa amegundua jambo. Wachezaji wengi waliofokewa mara mbili waliacha kucheza, na anayeacha kucheza haachi pesa. Basi jaji awe anasifu kila mtu, kwa jina lake, kwa keki yoyote ile. Mashine ilikuwa imekwisha kusikilizishwa rekodi za Verna na kujifunza sauti yake. Kizuizi kilikuwa kimoja: Tavish, kabla ya kuondoka, alikuwa amemwandikia Verna mkataba unaosema kwamba sauti yake haitatamka neno ambalo yeye mwenyewe hajalitamka. Ilihitajika saini yake kuufuta.

Lomax akaja Murrabeg mwezi wa Oktoba, akamkuta Verna jikoni ukumbini pamoja na akina mama wa kamati, wakijaribu jiko jipya.

"Habari njema, Verna. Hutafanya kazi tena. Wewe unakaa nyumbani, mashine inasema."

"Inasema nini?"

"Chochote kile!"

"Hapo ndipo ninapoogopa."

Lomax alicheka, akatoa simu yake na kuiweka mezani. Akageuka kwa Glenys, aliyekuwa akitoa sponji yake ya majaribio kwenye bati. "Mama, jina lako nani?" Glenys akamtajia. Lomax akaandika, akabonyeza.

"Glenys!" ikasema simu. "Katika maisha yangu yote ya ujaji sijaona keki ya sponji kama hii. Ni nyepesi kama wingu. Umenitoa machozi!"

Ilikuwa sauti ya Verna, mpaka ule mkwaruzo wa asubuhi. Glenys alitafuta kiti, akaketi.

"Rudia," akasema.

Simu ikarudia. Verna akakata kipande, akaonja. "Imezama katikati, Glenys."

"Usiniingilie, Verna," akasema Glenys bila kugeuka. "Naongea na Verna."

Lomax aliacha karatasi za mkataba mpya juu ya meza. Angerudi siku ya maonyesho kuzichukua. Zikiwa na saini, sauti ya Verna ingebaki kwenye gemu, na pesa ingeongezwa. Zisipokuwa na saini, sauti yake ingeondolewa yote, na kadi za Norway zingekoma.

Wengine waliona ni jambo dogo. Mimi sioni hivyo. Mtu akikuvika kilemba cha ukoka kwa mdomo wake mwenyewe, dhambi ni yake. Akiazima mdomo wa mwingine kufanya hivyo, amemwibia huyo kitu ambacho polisi hawawezi kumrudishia.

Na haikuchukua muda. Glenys alizunguka mji mzima, kwa mchinjaji, kwa kinyozi, kwenye foleni ya posta. "Verna amelia kwa keki yangu."

"Si ilikuwa simu, Glenys?"

"Kwa sauti ya nani?"

Mchinjaji alipomwona Verna akampa leso. Kisha siku moja mkulima aliingia dukani kuuliza kuhusu mbegu za shayiri, na Verna alipomwambia mwaka huu zitafaa, yule mkulima akakonyeza jicho. "Ngoja kwanza. Nazungumza na wewe au na yule mwingine?" Ilikuwa mzaha. Waliokuwepo walicheka. Verna hakucheka, alipima mbegu, akafunga mfuko, akampa.

Nyumbani, mumewe Clarrie hakuwa msaada.

"Tia saini, bi mkubwa, kisha waombe simu moja ya ziada. Miaka yote hii sijasikia supu yangu ikisifiwa."

"Supu yako ni maji ya kuoshea vyombo."

"Unaona? Yule mwenzako angesema ni bahari ya ladha."

"Clarrie, nikitia saini, siku nikikwambia nakupenda, utajuaje kama ni mimi?"

"Kwani umewahi kuniambia?"

"Mwaka wa mafuriko."

Clarrie akafikiri, kijiko kikiwa hewani. "Kweli," akasema. "Na niliamini." Akamaliza supu yake, na suala la simu hakuligusa tena.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa kuliko miaka yote. Lomax alisimama nyuma. Kiatu chake kimoja hakikuwa cheupe tena, maana alikuwa amekanyaga samadi ya ng'ombe. Verna alimaliza keki za matunda, akamaliza za chokoleti, akafika kwenye sponji. Glenys alikuwa mahali pake, akihema.

Verna akakata. Keki haikuwa imezama. Ilikuwa na rangi moja kuanzia ukingo mpaka ukingo, na kisu kilipotoka kilikuwa kisafi. Akala kipande. Kisha akafanya jambo ambalo hatujawahi kumwona akilifanya: akala cha pili.

Kila mtu alielewa shida yake. Akisema ni nzuri, mji mzima utasema mashine ilimtangulia, na Lomax atakuwa wa kwanza kusema. Akisema ni mbaya, atakuwa amedanganya kwa mara ya kwanza maishani mwake, ili tu aonekane hadanganyi. Nimewaona watu wema wakianguka katika shimo hilo la pili, wakijisifu kwa msimamo wao wakati wa kuanguka.

"Hii ni nzuri," akasema Verna. "Nafasi ya kwanza."

Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Glenys alishika meza. Lomax alipenya katikati ya watu mikono juu.

"Mashine ilijua! Mmesikia wenyewe? Ilijua!"

"Ilijua nini?" Verna akamuuliza. "Ile ya Oktoba ilikuwa imezama, ikaisifu. Hii imepanda, nayo ingeisifu. Ipe hicho kiatu chako, itakwambia kimeiva vizuri."

"Lakini ilimpa mama huyu furaha!"

"Kama ilimpa furaha, kwa nini ameoka tena? Si tayari alikuwa ameniliza?"

Watu wote wakamgeukia Glenys. Akawa mwekundu hadi shingoni.

"Niliikata ile keki nilipofika nyumbani," akasema. "Ilikuwa mbichi katikati. Mbichi, na mimi nimeshautangazia mji mzima! Tangu siku ile naoka kila siku. Mume wangu Bevan ameniambia akiona yai jingine anahamia kwa dada yake."

Kicheko kilipotulia, Verna alichukua mkataba kwenye mkoba wake, akampa Lomax. Hapakuwa na saini.

"Basi tutakutoa kwenye gemu," Lomax akasema kwa sauti ya chini.

"Nitoe."

"Huna hata majuto?"

"Ninayo. Wale wa Norway nitawakosa sana. Lakini afadhali niwakose kuliko niwadanganye."

Walimtoa kweli. Sauti iliyowekwa badala yake si ya mtu yeyote, na siku hizi kwenye gemu hiyo kila mchezaji hupata nafasi ya kwanza, hata aliyepeleka boga bichi kwenye meza ya keki. Tavish anasema wanaocheza wamepungua. Sijui, sikuhesabu, na hata wangeongezeka Verna angekuwa ameamua sawasawa. Lomax mwenyewe hakufika Krismasi kwenye kiti chake. Barua pepe ilisema wanafurahi.

Lakini jioni ile ya maonyesho hatukuwa na habari hizo. Verna alikuwa akifuta kisu chake Glenys alipomjia, utepe wa buluu kifuani, uso umejaa malalamiko.

"Verna, mpenzi, ndiyo hivyo tu? Ni nzuri, basi? Ile simu ilinipa wingu. Ilinipa machozi."

"Basi rudi kwake ikupe na utepe."

Glenys aliufunika utepe kwa kiganja kama mtu anayezuia mshumaa usizimwe na upepo. Akatoka nje bila kuaga, akaelekea kwenye mabanda ya ng'ombe, ambako kulikuwa na watu ambao hawajauona. Mchinjaji akamwita kwa mbali, kumchokoza: "Haya, Glenys, na simu nayo imesemaje?"

"Simu gani?" Glenys akajibu, akaendelea na safari yake.