Siku Moja ya Kukaa

Nilisikia ncha ya mwavuli ikigonga mawe ya uani kabla taa haijamfikia baba. Leo mwavuli huo ninao mimi. Ukiloa, bado unanuka dizeli.

Alipewa ruhusa ya siku tatu kutoka karakana alikofanya kazi. Kwa treni, siku zote tatu zingeishia njiani, lakini mabasi ya watu binafsi yalikuwa yameanza: siku moja ya kuja, moja ya kukaa, moja ya kurudi Dar. Ile ya kukaa aliniahidi mimi. Tungetembea polepole hadi Kawetele kwa bibi.

Asubuhi nilivaa viatu, nikaketi kando ya kitanda chake. Alikuwa anakoroma.

“Mama, mwamshe.”

“Mwache. Kwenye treni angelala. Kwenye basi amekaa kama gunia la viazi.”

Mvua ilinyesha, ikakatika, ikanyesha tena. Alipofumbua macho, kuku walikuwa wameshaingia bandani.

“Bado umevivaa, mwanangu?”

“Bado.”

Akainama, akanifungua kamba, kiatu kimoja, kisha kingine, taratibu, kana kwamba ndiyo Kawetele yenyewe.

Alfajiri, baba akiondoka, nilijifanya nimelala. Mama alifunga mlango nyuma yake polepole, asiniamshe.