Msichana Aliyeshika Kitabu Kizima

Juzi nilirudi Tseikuru, nilikokulia, kwa harusi ya binamu, na mama mmoja sokoni akanitambua. "Si wewe ndiye yule alikuwa nambari wani?" Nikacheka naye, lakini moyoni nilitaka kukimbia. Rafiki, ukisikia mtu anausifu sana utoto wake, usimwamini haraka. Hata mimi usiniamini.

Susu, ndivyo tulivyomwita nyanya, alinilea kwa muthokoi wa mahindi na maharagwe, maji ya mtoni na shaka. Akinituma sukari kwenye duka la Wasomali, aliniagiza nitazame mizani mpaka mwisho, ingawa hawakuwahi kumpunja hata siku moja. Mimi nilipenda kwenda. Duka lilinukia iliki, na uani, kwenye mkeka, binti wa mwenye duka alikuwa akisoma. Kitabu chetu cha Sayansi alikisoma vile alivyozoea kusoma madrasa: akiyumba mbele na nyuma, sauti chini, akirudia ukurasa mpaka ukae wote kichwani. Nilisimama pale kumsikiliza hata baada ya kupewa sukari.

Alikuwa Msomali pekee katika darasa letu la saba, na tulikaa dawati moja. Kila muhula yeye wa kwanza, mimi wa pili. Iliniuma, sitakuficha.

Siku moja mwalimu alikuja na karatasi ya mtihani ya yule binti mkono mmoja, kitabu cha Sayansi mkono mwingine. Akasoma huku, akasoma kule. Majibu yalikuwa neno kwa neno. Darasa likaanza kunong'ona kwamba ndiyo maana yeye huja na mtandio, kuficha karatasi.

"Toa hiyo kitu kwa kichwa tuone," mwalimu akasema.

"Mwalimu, nilishika tu nikisoma."

"Hakuna mtu anaweza kushika kitabu mzima." Kisha akanigeukia. "Wewe unakaa na yeye. Anakopi ama hakopi?"

Nilijua. Hakuna mwingine darasani aliyejua kama mimi. Nikatazama dawati nikasema, "Sijui, mwalimu."

Kesho yake baba yake alikuja, akazungumza kwa upole na mwalimu mkuu nje ya ofisi. Akaambiwa binti, aliyekataa kuvua mtandio, atarudi darasani akikubali kupekuliwa. Mzee alimchukua akaenda naye nyumbani, na shule nyingine ilikuwa mbali mno kwa miguu.

Wiki chache baadaye nikatumwa sukari tena. Ni yeye aliyenipimia.

"Wewe ulikuwa unanisikia nikisoma," alisema, bila hasira.

Nikamwambia kwamba Susu ananingoja. Akanifungia sukari, kisha akaniuliza darasa limefika ukurasa gani wa Sayansi. Nikashuku anapanga kurudi kuichukua nafasi ya kwanza, ambayo sasa ilikuwa yangu. Nikamtajia ukurasa tuliokuwa tumeupita tangu mwanzo wa muhula.

Lile duka halipo sasa. Familia ilihama, na kila ninayemuuliza ananitajia mji tofauti. Susu naye hayuko, na shaka yake nadhani nimeirithi yote. Asubuhi ya harusi niliwaona wasichana wenye mitandio wakiingia shuleni kwa makundi, wakicheka, bila mtu wa kuwasimamisha. Nilifurahi kwa kweli. Kisha nikaona aibu, maana nilikumbuka alichofanya yule wa kwangu nilipomtajia ule ukurasa. Alichukua kalamu ya baba yake, akauandika kwenye kiganja asiusahau, akaniambia asante.