Wacha Uanguke

Fundi wa kuchomelea wa ploti yetu hapa Kitengela amenishinda kuelewa. Mageti ya watu wa Kisaju anayabwaga chini kama kuni. Lakini mtungi wa oksijeni ukiletwa, anakuwa mtu mwingine. Anahakikisha kofia ya chuma ya huo mtungi imekazwa, anauinamisha kidogo usimame kwa ukingo wa kitako, kisha anauzungusha kwa viganja viwili, akiutembeza mpaka kwa nguzo na kuunong'onezea, "Haya mzee, twende." Akifika anaufunga na mnyororo, anauvuta mnyororo kuujaribu, anaenda, anarudi kuuvuta tena. Hata mtungi mtupu anaufanyia hivyo.

Jana asubuhi mmoja ulimponyoka kwenye matope karibu na mfereji. Niliacha kufua nikakimbia kuudaka, maana niliona kama ni mtoto wake anaanguka. "Wacha uanguke!" alipiga kelele, akanivuta kwa sweta mpaka nikayumba. Yeye mwenyewe hakuugusa. Uliangukia simiti pale pale nilipotaka kuweka mguu, mabati ya ploti nzima yakalia.

"Sasa wewe," nikamuuliza, "huu mtungi unaupenda ama huupendi?"

"Mama Jentrix, huo haudakwi, unavunja mguu," alisema.

Kisha aliinama, akaupangusa matope kwa mkono mmoja, akauambia pole. Mimi hakuniambia pole. Lakini ule mkono mwingine ulikuwa bado umeng'ang'ania sweta yangu.