Sauti ya Mungu Utosi

Shangazi alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia katika hospitali kubwa. Mashine ziliunguruma kutwa, na mtu asiyejua kupaza sauti hakusikika hata akiwaka moto. Yeye alisikika. Akiuliza nani kachanganya shuka za wodini na makoti ya madaktari, hata wagonjwa wa ghorofa ya juu walijihisi wana hatia.

Binti wa kaka yake alikuwa fundi sauti katika kampuni ya michezo ya kompyuta. Walikuwa wanatengeneza mchezo wenye mungu mwovu aitwaye Utosi, mungu wa jua na vita, ambaye jua lake halisogei kutoka utosini mwa watu. Utosi alikuwa ameharamisha vivuli: mti ukitoa kivuli unakatwa, na mtu mwenye kivuli anapelekwa vitani akapigane mpaka kiishe. Waigizaji wengi walijaribiwa wakashindwa. Mmoja alinguruma vizuri, ila kila akitamka "Teketeeni!" ilikuwa kama anatangaza sabuni.

Ndipo binti akamkumbuka shangazi yake, akampeleka studio siku ya mapumziko. Shangazi akavaa miwani, akapitia maneno ya Utosi, akauliza huyu mungu ana tatizo gani hasa.

"Anataka watu wote wampigie magoti, shangazi, na asiulizwe chochote."

"Basi namfahamu. Nilifanya kazi chini yake hospitali ya zamani."

Akasoma mara moja tu. Binti akaizamisha sauti kidogo kwa mashine, ikawa nzito kama ya mwanamume. Fundi aliyekuja kurekebisha taa alikutwa amesimama wima, mikono ubavuni, hajui nani kamwamuru.

Mchezo ulipotoka, mambo yakaenda kombo. Wachezaji walitakiwa wamuue Utosi. Wao wakawa wanajiunga na jeshi lake. Walipoulizwa, walisema mashujaa wa upande wa pili wana vikao vingi mno, ila Utosi anajua anachotaka.

Haukupita muda, wapambe wa mgombea mmoja wakatia timu chumba cha kufulia, suti zao zikilowa mvuke. Walitaka sauti ile kwa ajili ya gari la kampeni. Shangazi akaipitia hotuba waliyokuja nayo. Mgombea alikuwa anajiita jua, anawaahidi wapinzani wake moto, na anawataka wananchi wampe utii bila maswali.

"Hii nimeshaisoma," akawaambia. "Alinipa mungu mwingine."

Wakacheka, wakidhani ni sifa. Alipokataa katakata, wakaenda kununua mchezo wenyewe, wakachota maneno ya Utosi kama yalivyo. Gari likazunguka mitaani likinguruma: "Pigeni magoti, nami nitawaangazia!" Watu wakashangilia.

Mume wa shangazi, fundi viatu mstaafu, alirudi nyumbani uso umechangamka. Akasema afadhali kapatikana kiongozi wa kueleweka, asiyepindisha maneno.

"Hiyo ni sauti yangu, baba watoto."

Akamtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mwenye homa. Akamweleza taratibu kwamba kazi ya mvuke inachosha, apumzike kidogo, na kwamba haiwezekani amsikilize mke wake miaka yote hii halafu asimtambue.

Mgombea akashinda.

Baadaye binti akampigia simu kuhusu sehemu ya pili ya mchezo, ambamo Utosi anauawa. Shangazi alifurahi kupita kiasi. Alijizoeza kilio cha kufa jikoni mpaka majirani wakabisha hodi. Lakini alipofika studio, meneja wa kampuni akamwambia mpango umebadilika: wachezaji wameomba kwa wingi Utosi asife. Wanataka aoe.

Shangazi akaomba maji, akanywa, kisha akauliza bibi harusi ni nani. Meneja akakiri kwamba bado hawajamtunga.

"Mkimtunga, maneno yake msiyaandike," akasema. "Nitayaandika mimi."

Siku ya kazi iliyofuata, wakati wa chai, alivuta kiti kwenye meza ya kukunjia shuka, akaanza kuandika. Neno la kwanza la bibi harusi lilikuwa swali.