Siku Nilipowadai Wakwe Bunduki

Nikimwona mtu wa ukoo wa Papa Kashindi barabarani, navuka hata kama robot, taa ya barabarani, ni nyekundu, heri nigongwe na teksi kuliko kusalimiana naye. Mimi mwanamke mzima, msusi ninayejulikana mtaa wote wa Bellevue hapa ugenini, niliyoyafanya siku ile mtoto angechapwa.

Ilikuwa siku ya kupokea mahari ya binti yangu Neema. Kwetu Wakongo mama wa binti hasemi kitu siku hiyo, yeye ni wa jikoni, anayeongea ni msemaji, na msemaji wetu, kaka yangu Fidele, akachelewa (amekwama mjini, Marshalltown, na viatu vyake vya kuuza, kama kawaida yake). Wakwe wamekaa wamependeza, wananitazama, basi kwa aibu nikawawashia televisheni. Si ningewapa soda tu!

Zikaja habari za vile vita vya Iraki, jinsi wakubwa walivyosema kuna silaha za sumu zimefichwa, wakaingia, wakapiga, wakatafuta mpaka wakachoka, hamna kitu. Nasonga bukari, ugali wetu, huku namsikia Papa Kashindi, baba mkubwa wa bwana harusi, anawafundisha wenzake: "Silaha zilikuwepo. Zilihamishwa tu. Serikali haiwezi kwenda vitani bure bure."

Nikajiambia, Mama Neema, songa bukari. Nikasonga.

Akaongeza: "Hata kwetu Kivu, mnaikumbuka ile zahanati ya mlimani? Bunduki zilikuwepo. Watu walizihamisha usiku."

Zahanati ile! Nilikuwa nimelala humo!

Sijui miguu ilinitoaje jikoni. "Papa, zilihamishwa na nani? Na mimi? Mimba ya miezi minane, niko kitandani!" Nikawataja wote, mmoja mmoja: Kapteni Ngoma aliyetoa amri, Chifu Mulonda aliyewaonyesha njia, na Mwalimu Bahati aliyetangaza redioni kwamba chini ya vitanda vya wajawazito kuna bunduki. Askari walichimba sakafu yote wakakuta chupa za dawa na panya. Baba yake Neema akawauliza, bunduki ziko wapi? Wakampiga risasi, wakachoma zahanati. Na nilipofika kwenye "risasi" nikaonyesha kwa mkono, kumbe mkono una mwiko, mwiko una bukari la moto, likaruka likatua kwenye koti la Papa Kashindi (koti jeupe jamani, mtu anavaaje jeupe kwenda kula sombe, kisamvu chenye mawese?). Akaruka juu, meza ikapinduka, sombe ikaenda kwenye vitenge vya wake zao.

Neema akatoka chumbani. "Hawu, Mama! Leo? Kweli leo?"

Papa Kashindi anakwangua bukari begani, sauti chini kabisa: "Mwalimu Bahati ni mdogo wangu. Una ushahidi gani?"

Eish. Ushahidi uliungua. Nilionao ni kovu la pajani, la moto ule, na nawaambieni ukweli, nilishika kitenge nipandishe, mke wake akapiga yowe: "Mkwe! Mkwe, usitufanyie hivyo!"

Nikaachia kitenge. "Mimi niliyeishia darasa la tatu mnanidai ushahidi," nikasema. "Yeye redioni nani alimdai?"

"Futa jina la mdogo wangu, tuendelee na mahari."

Chumba kizima kinaningoja. Neema ananitazama, machozi yanaharibu poda niliyompaka mwenyewe asubuhi. Nikaomba radhi ya koti. Nikaomba radhi ya kelele, ya meza, ya sombe. Kulifuta jina kukanishinda. Wakainuka wote, wakaondoka, na Fidele akakutana nao ngazini, akawapa mikono kwa furaha: "Karibuni, karibuni, mbona mko nje?"

Watarudi, kwa sababu kijana wao amekataa katakata kumwacha Neema. Masharti yao ni mbuzi wa faini, na siku hiyo ya mahari mimi nisionekane sebuleni hata kuleta maji. Nimekubali yote. Mama wa binti akae jikoni, nimeelewa, sihitaji kuambiwa tena, na mbele ya wakwe sitapaza sauti mpaka nazikwa.

Ila nimesikia Mwalimu Bahati mwenyewe anasafiri kuja harusini. Nitampokea. Nitamnawisha mikono, nitampa kiti kizuri, halafu nitainama karibu na sikio lake na kumuuliza polepole, kwa adabu yote ya mkwe, lile swali ambalo baba yake Neema hakujibiwa.